Mtaa Unaomjua Mzee Wake: Namna ya Kuishi na Jirani Mwenye Demensia

Katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki, wa kwanza kugundua kwamba mzee fulani ameanza kupoteza kumbukumbu huwa si daktari, wala si mwanawe anayeishi mbali. Ni mwenye duka la jirani, aliyemwona akirudi mara tatu asubuhi moja kununua kilo ileile ya sukari. Ni kijana wa bodaboda aliyepanda naye, kisha njiani akaambiwa ampeleke kwenye nyumba iliyobomolewa miaka mingi iliyopita. Ni muumini mwenzake aliyemwona akitafuta viatu ambavyo tayari amevivaa. Watu hawa wanajua, lakini kwa kuwa hakuna aliyewaambia wafanye nini, kila mmoja hunyamaza, au huisimulia habari hiyo pembeni kama kichekesho.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya viongozi wa mitaa na vijiji, maimamu, wachungaji, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Msimamo wangu ni kwamba mtaa hauwezi kumsaidia mgonjwa ambaye familia yake imemficha, na familia haitaacha kumficha mpaka iamini kwamba mtaa hautamcheka, hautamwogopa na hautamdhuru. Kwa hiyo kazi lazima ianze pande zote mbili, na kila hatua inayofuata hapa inalenga kuzikutanisha pande hizo.

Tuiite hali hii kwa jina lisiloumiza

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na maradhi mbalimbali yanayouharibu ubongo hatua kwa hatua, hata mtu akapungukiwa na kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kufanya kazi alizozizoea. Maradhi yanayojulikana zaidi ni ya Alzheimer, ambayo huchangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo linalowapata sana watu wenye shinikizo la damu na waliowahi kupata kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia duniani, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wautazame utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013: kati ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, takriban 6 katika kila 100 walikutwa na demensia. Kwa kipimo hicho, kijiji chenye wazee mia moja wa umri huo kina wagonjwa sita hivi, na huenda jirani zao wanamfahamu mmoja tu, yule ambaye hali yake imeshindikana kufichwa.

Majina tunayowapa ndiyo yanayofunga milango. Tukisema mzee “karudi utotoni”, tunajipa ruhusa ya kumwamrisha kama mtoto. Tukisema “kichaa”, tunawafundisha watoto kumrushia mawe. Tukisema “uzee tu huo”, tunamnyima matibabu. Wajapani waliutambua uzito wa jambo hili. Hadi mwaka 2004 neno lao rasmi la demensia lilikuwa chihō, lenye maana inayokaribiana na upumbavu. Mwaka huo serikali yao ililiondoa na kuweka ninchishō, yaani ugonjwa wa utambuzi, na mwaka uliofuata ikaanzisha somo fupi la saa moja na nusu hivi kwa raia wa kawaida, ambalo kwa miaka mingi aliyelimaliza alipewa bangili ya rangi ya chungwa. Waliopitia somo hilo wameshazidi milioni 10, wakiwamo watoto wa shule na wafanyakazi wa benki na madukani. Sisi si lazima tuwe na bangili. Tunaweza kuanza kwa kusema “ugonjwa wa kusahau” au “maradhi ya ubongo”, na kwa kumkataza kwa upole yeyote anayetumia neno la kudhalilisha mbele yetu.

Ni muhimu pia kujua tofauti kati ya usahaulifu wa kawaida na ugonjwa. Mama aliyepika pilau kwa miaka arobaini akisahau kutia chumvi siku moja, hilo si ugonjwa. Akisimama mbele ya jiko lake asijue kinachofuata baada ya kukaanga vitunguu, hapo pana jambo, na apelekwe hospitali. Vilevile, mzee aliyekuwa timamu juzi na leo haelewi alipo hana demensia ya ghafla. Mkanganyiko unaokuja ndani ya saa au siku chache ni dharura, na mara nyingi unaletwa na malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au sukari kushuka. Hata usahaulifu unaokuja polepole huweza kuwa na chanzo kinachotibika, kama vile upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, dawa fulani, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Wako pia wazee wanaodhaniwa wamepoteza akili kumbe masikio yamezibwa na nta na macho yana mtoto wa jicho. Demensia yenyewe haijapata dawa ya kuiponya, ingawa zipo dawa zinazopunguza baadhi ya dalili kwa muda, na anayeuza mizizi ya kuiponya kwa siku saba anauza uongo.

Familia iseme, mtaa usikie

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu kinachomuumbua mfichaji huja mapema kuliko kifo: ni siku mzee anapotoka mlango ukiwa wazi, akakutwa na watu wasiojua kwamba anaumwa.

Ikiwa ugonjwa uko katika hatua za mwanzo, wa kwanza kuulizwa ni mgonjwa mwenyewe. Anataka nani aambiwe? Anataka kusema mwenyewe au asemewe? Wako wanaojisikia nafuu kubwa wanapoacha kujikaza na kujifanya wanakumbuka. Baada ya hapo familia ichague watu wachache ambao mzee hukutana nao kila siku, kama majirani wa pande mbili, mwenye duka, kijana wa bodaboda wa kijiweni, imamu au mzee wa kanisa, na balozi wa nyumba kumi. Waambiwe mambo manne tu: kilichobadilika, anachoweza bado, kinachomtia hofu, na namba ya simu ya kupiga. Maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi: “Jirani zangu, baba ana ugonjwa wa ubongo unaomfanya asahau. Hauambukizi, wala hajalogwa. Bado anapenda bao, na asubuhi anaweza kwenda msikitini peke yake kwa njia ya mwembeni, ila jioni huchanganyikiwa. Mkimkuta amepita kisimani, tafadhali msimzuie kwa nguvu. Tembeeni naye, mgeuze taratibu, na mnipigie.” Maneno haya hayazidi dakika moja, na hayamvunjii mzee heshima kwa kuwa yameanza na mambo anayoyaweza.

Upande wa mtaa, mwenyekiti au mtendaji atenge nafasi katika mkutano wa kawaida wa wananchi badala ya kuitisha mkutano maalumu ambao watauhudhuria wale tu ambao tayari wana mgonjwa nyumbani. Nchini Kenya, baraza la chifu na vikao vya Nyumba Kumi vinafaa kwa kazi hiyohiyo. Kiongozi amwalike muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aeleze ugonjwa kwa nusu saa, kisha azungumze mtu anayemlea mgonjwa, akiwa tayari. Mgonjwa mwenyewe asisimamishwe mbele ya watu kama kielelezo. Katika mkutano huohuo watu wakumbushwe kwamba shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kupungukiwa usikivu na upweke ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata demensia. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya visa vya demensia duniani vinahusishwa na mambo 14 ya namna hiyo, ambayo yanaweza kuzuiwa au kupunguzwa. Anayesikia hivyo hutambua kwamba habari ya mzee wa jirani inamhusu yeye pia.

Salamu kwanza, maswali baadaye

Katika yote tunayoweza kufanya, hili ndilo lisilogharimu hata senti, na ndilo tunalolikosea zaidi. Tunao mtindo wa kumwinamia mzee na kumuuliza kwa sauti ya juu: “Bibi, unanijua mimi nani? Hebu nitaje!” Tunadhani tunaonyesha mapenzi. Yeye anaona mtihani mbele ya hadhara, tena mtihani ambao ameufeli asubuhi, mchana na jana. Akikosea, watu hucheka. Akinyamaza, husemwa kwamba amekwisha. Mtindo huu uachwe kabisa.

Badala yake, mkaribie kutoka mbele ili akuone, kaa au chuchumaa usawa wa macho yake, kisha msalimie na ujitambulishe papo hapo: “Shikamoo, mama. Mimi Hamisi, mtoto wa jirani yako wa pale kwenye mwarobaini.” Utastaajabu namna “marahaba” inavyotoka kwa wepesi hata kwa mtu ambaye jina la mwanawe limeshamtoka, kwa sababu maneno tuliyoyarudia tangu utoto hudumu kichwani muda mrefu kuliko habari za juzi. Salamu zetu ndefu, za habari za nyumbani, za watoto na za shamba, ambazo kwa mwenye haraka ni mzigo, kwa mzee huyu ni njia aliyoikanyaga maisha yake yote na anaweza kuipita bila kujikwaa. Mpe nafasi aipite.

Ukiuliza jambo, uliza moja na usubiri. “Utakunywa chai?” inatosha, usiongeze uji, maji, na swali la kama amekula, kwa kuwa akiwa bado analitafuta jibu la kwanza atapotelea katika la pili. Zima redio au sogea mbali na kelele. Akiuliza swali lilelile mara ya tano, lijibu kama vile ndiyo mara ya kwanza, maana kwake ni ya kwanza. Usizungumze na mwanawe juu ya kichwa chake ukisema “siku hizi huyu hajui kitu”, kwani hata asipoyaelewa maneno, sauti ya dharau anaisikia.

Jambo moja huwatatiza wengi: mama mzee anamuulizia mume wake aliyefariki miaka kumi iliyopita. Wapo wanaoona kwamba ukweli lazima usemwe kila mara, kwa kuwa uongo ni dhambi. Ninauheshimu msimamo huo, lakini matokeo yake yasisahauliwe: kila anapoambiwa amefariki, mama yule hupata msiba mpya, hulia kilio kipya, na baada ya nusu saa huuliza tena. Huhitaji kumdanganya ili kumwepusha na hilo. Mwambie: “Naona umemkumbuka sana leo. Hebu nisimulie, alikuwa mtu wa namna gani?” Mara nyingi alichokuwa akikitafuta ni mtu wa kuzungumza naye habari za mumewe.

Tena, wazee wengi wetu walijifunza Kiswahili wakiwa wakubwa, shuleni, jeshini au mashambani. Ugonjwa unapoendelea, lugha ya mwisho kujifunzwa mara nyingi ndiyo ya kwanza kuondoka, na mtu hurudi kwenye Kichaga, Kigiriama, Kisukuma au Kikamba cha utotoni. Mzee anayedhaniwa “haongei tena” apelekewe mtu wa lugha yake kabla ya kuhukumiwa kwamba hana la kusema. Zahanati nayo iandike katika kadi yake ni lugha gani anayoielewa vizuri.

Dukani, kwa wakala, na penye shughuli za ardhi

Hatari kubwa dukani ni neno moja: mwizi. Mzee mwenye demensia anaweza kuchukua mkate na kuondoka akiamini amelipa, na sote tunajua kinachoweza kumpata mtu anayepigiwa ukelele huo barabarani. Mwenye duka, familia na balozi wafungue ukurasa wa mzee katika daftari la mkopo. Anachochukua kinaandikwa, na mwisho wa wiki mwanawe analipa. Akija kununua sukari mara ya pili siku hiyohiyo, muuzaji asimkatalie mbele ya watu. Anaweza kumwambia kwamba ataipeleka nyumbani jioni, kisha akampigia simu binti yake. Machinga na kina mama wa sokoni waelezwe vivyo hivyo. Kijana wa bodaboda naye apewe namba ya simu, na akubaliane na familia kwamba hatampeleka mzee nje ya mtaa kabla ya kupiga.

Kwa wakala wa pesa za simu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mzee aliyesahau namba yake ya siri huiandika kwenye karatasi au humtajia yeyote aliye karibu. Familia ipange mapema, wakati mzee bado ana uwezo wa kuamua, ni nani atakayemsaidia kutoa fedha, na ni vyema wawe wawili wanaoaminiana ili mmoja awe shahidi wa mwenzake. Utaratibu huohuo utumike kwa fedha za msaada wa serikali, kama za TASAF nchini Tanzania, za Inua Jamii nchini Kenya, na kwa Pensheni Jamii ya Zanzibar ambayo tangu Aprili 2016 hulipwa kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70. Pale penye dirisha la wazee hospitalini au mahali pa malipo, mhudumu amruhusu msindikizaji aingie naye, badala ya kumwambia asubiri nje.

Ardhi inahitaji ukali. Mzee asiyeelewa anachosaini anaweza kuwekeshwa dole gumba kwenye karatasi ya mauzo ya shamba kwa bei ya kutupa, na mara nyingine anayemshawishi ni ndugu wa damu. Serikali ya kijiji au ya mtaa ndiyo inayoshuhudia mauzo mengi, kwa hiyo ina uwezo wa kuzuia. Iweke kanuni kwamba mauzo yoyote ya ardhi ya mzee anayejulikana kuwa na ugonjwa wa kusahau hayashuhudiwi mpaka wanafamilia wote wamekaa mbele ya viongozi, na mzee amehojiwa siku mbili tofauti kuhusu anachokusudia kufanya. Kiongozi atakayesimamia kanuni hii atapata maadui. Asimamie hivyo hivyo.

Penye tuhuma za uchawi

Hapa sitaandika kwa ufupi, kwa kuwa ndipo penye uhai wa watu.

Tazama dalili za demensia kwa macho ya jirani asiyezijua. Bibi kizee anatoka usiku wa manane, akiwa amevaa nguo nusu, anasimama kwenye mlango wa nyumba isiyo yake. Anazungumza na watu wasioonekana. Anataja majina ya marehemu kana kwamba yuko nao. Anakutwa alfajiri kwenye shamba la mtu, akiwa ametulia, na hawezi kueleza amefikaje. Macho yake ni mekundu, kwa kuwa amepika kwa kuni na samadi maisha yake yote. Kila moja ya dalili hizi ina maelezo ya kitabibu, na kila moja pia imo katika picha ya mchawi tuliyosimuliwa tangu utoto. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hizo kwa miaka mingi. Huko Marani, Kisii, mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa madai ya uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi, vitisho kwa wazee vimekuwa vikubwa kiasi cha kuhitajika kituo cha kuwahifadhi, Kaya Godoma huko Ganze. Sisemi kwamba wote waliodhuriwa walikuwa na demensia. Ugomvi wa ardhi na urithi una sehemu yake kubwa. Ninasema kwamba mgonjwa wa demensia hawezi kujitetea, na mara nyingine huenda akakiri jambo asilolielewa kwa sababu tu ameulizwa kwa ukali.

Kwa hiyo mtaa ujiandae kabla ya usiku huo kufika. Sungusungu na polisi jamii wafundishwe kwamba mzee anayekutwa usiku bila nguo au akiwa kwenye uwanja wa mtu afunikwe khanga au shuka kwanza, apewe maji, asalimiwe, na arudishwe nyumbani bila mahojiano. Yasichukuliwe maneno yake kuwa ushahidi. Asipigwe picha. Ninalisisitiza hili la picha, kwa kuwa video ya mzee aliyechanganyikiwa, ikisambazwa na maneno “mchawi kadondoka”, inaweza kumfuata kijiji hadi kijiji na kuwafikia watu ambao maelezo yetu hayatawafikia kamwe. Mkuu wa kundi la WhatsApp la mtaa aifute mara tu inapowekwa na amwonye aliyeiweka. Imamu na mchungaji walizungumzie jambo hili mimbarini wakati wa amani, maana siku ya ghasia hakuna anayesikiliza. Wanaotoa tiba za asili wasiachwe nje ya mazungumzo haya. Familia nyingi huwaendea kabla ya hospitali, na mganga mmoja mwenye dhamana, akisema “huu ni ugonjwa, mpelekeni kwa daktari”, anazuia zaidi ya mikutano kumi. Na tishio lolote dhidi ya mzee lipelekwe polisi siku hiyohiyo, bila kusubiri liwe tendo.

Anapopotea

Polisi wa Uingereza wana utaratibu unaoitwa Herbert Protocol, ambao familia hujaza mapema fomu ya maelezo ya mgonjwa ili siku akipotea pasiwe na muda wa kubabaika. Karatasi kama hiyo inaweza kuandikwa kwa mkono na kuhifadhiwa kwa balozi: picha ya karibuni, urefu, makovu, lugha anayoielewa, dawa anazotumia, jina analoitika zaidi (huenda akaitika “Mwalimu” au “Mama Rehema” asiitike jina la kitambulisho), na zaidi ya yote, orodha ya mahali alipopazoea zamani. Wengi wanaopotea wako safarini kwa maana yao wenyewe. Wanaenda kazini, shambani, kwa mama yao, au kwenye nyumba ya zamani, si hii wanayoishi sasa. Aliyekuwa mvuvi atafutwe pwani. Aliyekuwa akifanya kazi relini atafutwe kwenye njia ya reli.

Msisubiri saa ishirini na nne. Ndani ya robo saa ya kwanza wapigiwe simu vijana wa bodaboda na kondakta wa daladala au matatu za njia ile, wakaguliwe visima, mito na mashimo ya karibu, na tangazo litolewe kwa kipaza sauti cha msikiti au kanisa. Polisi wapewe taarifa wakati huohuo. Namba ya simu ya familia ishonwe ndani ya kanzu, kofia au upindo wa khanga. Akipatikana, asikaripiwe. Asiulizwe kwa nini aliondoka.

Yapo mambo ya kurekebisha mapema yasiyohitaji maelezo mengi: kisima kifunikwe, njia ya kwenda choo cha nje iwekewe taa na mlango wake upakwe rangi tofauti na kuta, jiko la mkaa lisiachwe ndani, na mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda.

Baraza, ibada na shughuli

Mtu akipata ugonjwa huu, mialiko hukoma. Hukoma kwa nia njema, “asisumbuliwe”, lakini upweke humshusha haraka. Asiondolewe kwenye baraza la bao hata kama hakumbuki tena hesabu ya kete. Akae pembeni, ashangilie, atie neno. Mama aliyekuwa akisuka ukili apewe ukili, na aliyekuwa akichambua mchele apewe ungo, kwa kuwa mikono hukumbuka kazi ambayo mdomo hauwezi kuieleza. Kazi isipotoka vizuri, asinyang’anywe.

Msikitini, mtu mmoja apangiwe kusimama kando yake katika safu na kumsaidia viatu mlangoni. Kanisani, akae karibu na kwaya. Nyimbo za zamani hubaki mahali ambapo majina yameshafutika. Harusini apelekwe mchana na arudishwe kabla ya ngoma kupamba moto, na kwa jumla shughuli zake ziishe kabla ya magharibi, saa ambazo wagonjwa wengi huingiwa na wasiwasi. Msibani apewe mtu wa kukaa naye, anayeweza kumtoa nje kwa upole akianza kuuliza ni nani aliyekufa.

Mnaoweza kwenda mbali zaidi, anzisheni kikundi. Wilayani Hai ilijaribiwa tiba ya kuchangamsha ubongo iliyobuniwa Uingereza na kurekebishwa kwa mazingira ya kijiji: vikao 14 katika wiki saba, watu wachache wameketi pamoja, wakizungumzia vyakula, utoto, vitu vya zamani na nyimbo, chini ya usimamizi wa mhudumu aliyefundishwa. Havihitaji mashine yoyote. Vinahitaji kivuli, viti, kikombe cha uji, na mtu anayejua kusikiliza bila kusahihisha.

Anayemlea naye ni wa mtaa

Karibu kila mara ni mwanamke: binti ambaye hakuolewa au aliyerudi nyumbani, mkaza mwana, au mke ambaye naye ni mzee. Halali, hatoki, hahudhurii kikoba, na ndugu walioko mjini au ng’ambo wanaotuma fedha hupiga simu kumuuliza mbona mama amekonda. Asifiwe kidogo na asaidiwe zaidi. Majirani wanne wakigawana, kila mmoja akakaa na mgonjwa kwa saa tatu kwa wiki, mlezi anapata saa kumi na mbili kwa wiki za kwenda sokoni, kliniki au kulala tu. Ndugu wa mbali wasitume fedha peke yake. Waje kwa zamu na wakae wiki nzima, usiku ukiwamo, kabla ya kutoa maoni.

Mkigundua kwamba mgonjwa anafungwa kamba au kufungiwa chumbani, msianze na kulaani. Aghalabu mmemkuta mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake, aliyekwisha kumtoa mzee barabarani mara nyingi bila msaada wa yeyote. Kamba iondolewe, na siku hiyohiyo apatikane mtu wa kushika zamu, maana ikiondolewa bila msaada itarudi. Lakini penye kipigo, njaa ya makusudi au wizi wa mali yake, ustawi wa jamii na polisi waitwe.

Ugonjwa utaendelea, na mpangilio wa mwaka jana hautafaa mwaka huu. Kila baada ya miezi mitatu hivi, watu wa zamu wakae na familia na kuuliza nini kimebadilika: anatembea bado, anameza vizuri, anaogopa nini sasa. Itafika siku hatoki tena nje, halafu siku hasemi. Zamu zisivunjwe hapo, ingawa wengi huacha kwenda kwa kudhani kwamba hakuna anayewatambua. Anayekwenda kumtazama apige hodi kama zamani, aketi upande anaoutazama mgonjwa, amwamkie shikamoo, amshike mkono, na ampumzishe mlezi kwa saa moja akaoge na kula.